Chanjo ya mafua makali: nani katika nyumba yetu atangulie?

Kipupwe kimeshika Ufipa. Kuanzia Juni hadi Agosti, upepo wa uwanda huu wa juu haumbembelezi mtu. Alfajiri mjini Sumbawanga maji ya udhu huuma vidole, wazee huelekea msikitini wakiwa wamejitanda blanketi juu ya kanzu, na watoto wa madrasa hubanana kwenye ukuta unaopigwa na jua la kwanza. Laela, Matai na Namanyere hali ni ile ile. Ni kule chini tu, Kirando na Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika, au bondeni mwa Ziwa Rukwa, ndiko mtu anakoweza kuvua sweta bila kujuta. Huku juu, imamu akinyamaza kati ya aya na aya, kinachosikika safuni ni vikohozi.

Ndio msimu ambao swali moja hurudi barazani na jikoni: je, ipo chanjo ya mafua, na ikiwa ipo, tuchanjwe? Miaka hii swali limepata uzito zaidi, kwa sababu Hija imekuwa ikiangukia Mei na Juni. Hujaji wa Rukwa hutoka katika msongamano wa Makka na Mina, ambako mwaka 2024 walikusanyika mahujaji zaidi ya milioni 1.8, akarejea moja kwa moja kwenye baridi ya Ufipa. Hapo ndugu, majirani na wajukuu wanamsubiri wamkumbatie, wamwombe dua, na wanywe maji ya Zamzam kwa zamu kutoka kikombe kimoja.

Tuseme mapema tunakoelekea. Hatuoni kuwa kila Muislamu wa Ufipa analazimika kuchanjwa dhidi ya mafua, wala hatuoni kuwa anayechanjwa amepungukiwa na tawakkul. Tunachokiona ni kuwa swali lenyewe limekuwa likiulizwa vibaya. Watu huuliza "tuchanjwe au tusichanjwe?" kana kwamba nyumba nzima ni kiwiliwili kimoja. Nyumba ina bibi na mjukuu, ina mjamzito na kijana wa kubeba magunia, na ugonjwa huu hauwatazami kwa jicho moja.

Neno moja, magonjwa mawili

Lugha yetu imetupa neno moja, mafua, kwa maradhi yasiyofanana. Mafua ya kawaida huletwa na virusi vya aina nyingi. Hutiririsha pua siku chache, hukwaruza koo, na mtu akaendelea na shughuli zake huku akilalamika. Mafua makali, ambayo vijana wa mjini huyaita fluu, huletwa na virusi vya influenza, nayo huja kwa kishindo. Mtu ameamka mzima. Adhuhuri anatetemeka kwa homa, kichwa kinagonga, viungo na misuli vinauma kama aliyepigwa, na kikohozi kikavu kinamnyima usingizi. Walio wengi hupona ndani ya wiki moja hivi bila dawa yoyote kubwa, ingawa kikohozi na uchovu huweza kuburuta kwa wiki mbili au zaidi.

Lakini si wote. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa kila mwaka influenza huua watu kati ya 290,000 na 650,000 kwa maradhi ya njia ya hewa peke yake. Na miongoni mwa watoto walio chini ya miaka 5 wanaokufa kwa maradhi ya mapafu yaliyoletwa na influenza, karibu wote ni wa nchi zinazoendelea kama yetu. Wanaoelemewa ni wazee, wajawazito, watoto wadogo, na wenye pumu, kisukari, maradhi ya moyo au figo, au upungufu wa kinga mwilini. Kwa hao, mafua makali huwa mfungua mlango. Anayeingia baadaye ni nimonia.

Hapa kwetu lipo tatizo la ziada, nalo ni mazoea ya kuita kila homa malaria. Malaria ipo, hasa bondeni na kando ya maziwa, na anayeshuka Muze au Kasanga kwa biashara huweza kupanda nayo. Hata hivyo homa ya ghafla ya mwezi wa Julai juu ya uwanda, tena iliyolaza watu watatu wa chumba kimoja ndani ya wiki moja, inataka kupimwa kwanza kabla ya kumeza dawa mseto. Vilevile ile desturi ya kwenda duka la dawa na kuomba "vile vidonge vya rangi mbili" haisaidii: antibayotiki haiui virusi. Huliwa bure, na siku itakapohitajika kwa nimonia ya kweli huenda isifanye kazi.

Kasanga, mwaka 1918

Ukanda huu uliwahi kuonja makali ya ugonjwa huu, ingawa wachache miongoni mwetu wamesimuliwa. Tarehe 25 Novemba 1918, jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck liliweka silaha chini mjini Abercorn, ambao leo unaitwa Mbala, ng'ambo kidogo tu ya mpaka wetu na Zambia. Askari Waafrika zaidi ya 1,100, wengi wao Waislamu, walipelekwa Kasanga, ambayo wakati ule iliitwa Bismarckburg, wakapandishwa meli kuelekea Kigoma. Walikuwa wamevuka miaka minne ya risasi, njaa na matembezi yasiyo na kituo. Vita vilikuwa vimekwisha. Ndipo mafua makali ya mwaka ule, yaliyoizunguka dunia kwa meli, kwa reli na kwa misafara ya wanajeshi, yakawakuta. Wapo waliosalimika na mizinga, wakazikwa kwa mafua kabla ya kuwaona watoto wao.

Duniani kote wimbi lile linakadiriwa kuwaua watu hadi milioni 50. Hapakuwa na chanjo. Virusi vya influenza vya binadamu vilitambuliwa mwaka 1933, na chanjo zikaanza kutumika katika miaka ya 1940. Tunaikumbuka Kasanga kwa sababu inaonyesha tabia ya ugonjwa: huu ni ugonjwa wa safari na mikusanyiko. Meli ya mwaka 1918 leo ni basi la usiku la Tunduma lililofungwa madirisha yote kwa sababu ya baridi, ni bweni la sekondari, na ni hema la Mina.

Tawakkul, na ngamia aliyefungwa

Kikwazo cha kwanza barazani huwa ni cha itikadi kabla ya kuwa cha kitabibu. Yupo mzee, tena mcha Mungu, atakayesema kuwa ajali imekwisha kuandikwa, chanjo ya nini? Na yupo kijana aliyesoma kidogo atakayeongeza kuwa Mtume (s.a.w.) amekwisha kueleza kwamba hakuna maambukizo. Hoja hizi zinastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu wanaozisema wanatetea jambo kubwa, nalo ni kuwa hakuna kinachonufaisha wala kudhuru ila kwa idhini ya Allah (s.w.).

Hadithi hiyo ni sahihi. Lakini Abu Huraira (r.a.) aliyeipokea ndiye aliyepokea pia katazo la Mtume kwa mwenye mifugo migonjwa asiipeleke penye mifugo mizima. Na katika Sahih Bukhari, kukanushwa kwa maambukizo kumefuatana, mahali pamoja, na amri ya kumkimbia mwenye ukoma kama mtu anavyomkimbia simba. Wanazuoni waliozikusanya riwaya hizi wameeleza kuwa kilichokanushwa ni itikadi ya zama za Jahiliya kwamba ugonjwa hujihamisha kwa nguvu zake wenyewe. Sababu alizoziweka Allah hazikukanushwa. Mfugaji wa Nkasi hahitaji kusafiri kwa mufti ili alielewe hili. Ng'ombe wake mmoja akishikwa na homa ya mapafu, humtenga siku ile ile, wala hakuna jirani anayemwambia kuwa imani yake imepungua.

Kisa cha khalifa Umar (r.a.) kinajulikana, ila tunadhani husimuliwa haraka mno. Alipokuwa njiani kwenda Sham, alipofika Sargh aliambiwa kuwa tauni imezuka huko mbele. Aliwaita Muhajirina akawataka ushauri, wakatofautiana. Akawaita Ansari, nao wakatofautiana. Akawaita wazee wa Kikureishi, hao wakaafikiana kuwa arudi na watu. Abu Ubaida (r.a.) akamuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Allah, naye akamjibu kuwa anatoka katika kadari ya Allah na kuelekea katika kadari ya Allah, akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeshuka bonde lenye kando mbili, moja ya kijani na nyingine kavu: popote atakapolisha, amelisha kwa kadari. Baadaye akaja Abdurrahman bin Auf (r.a.) na hadithi iliyoafiki uamuzi ule. Wengi hulishika jibu la Umar na kuiacha shura iliyotangulia. Masahaba walitofautiana kuhusu ugonjwa, mara mbili katika kikao cha siku moja, na hakuna aliyemwita mwenzake dhaifu wa imani. Baraza zetu za Sumbawanga zingepungukiwa na nini zikifanya hivyo?

Upande wa fiqhi ya zama hizi, Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu ilikutana Jeddah mwezi Mei 1992 na kuiweka tiba katika daraja. Huwa wajibu pale ambapo kuiacha kutaangamiza nafsi au kiungo, au pale ambapo madhara ya ugonjwa yanawafikia wengine, kama ilivyo kwa magonjwa ya kuambukiza. Huwa ni sunna pale ambapo kuiacha kutaudhoofisha mwili bila kufikia hatari hiyo. Huwa mubaha katika hali nyingine, na huwa makuruhu ikiwa tiba yenyewe inahofiwa kuleta madhara makubwa kuliko ugonjwa. Maneno yale yanahusu tiba, lakini wanazuoni wengi wamekubali pia kinga kabla ya ugonjwa, wakitegemea hadithi ya tende saba za ajwa za asubuhi. Mwenye kuzitafakari daraja hizo ataona kuwa hukumu hubadilika kwa kadiri ya hali ya mtu. Kijana mzima na bibi mwenye pumu hawawezi kupewa fatwa moja.

Yanayosemwa kuhusu sindano

Husemwa kuwa jina Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi": aingiaye mjini auache nje. Tungependa uvumi nao uachwe hapo hapo. Hakuna chanjo iliyofika nchi hii bila kufuatwa na mnong'ono wa ugumba. Ya pepopunda iliambiwa hivyo, ya saratani ya mlango wa kizazi iliambiwa hivyo, na ya korona mwaka 2021 ndiyo usiseme. Ni ajabu kidogo, maana neno lenyewe chanjo ni la kwetu. Watu waliokwisha kuchanjwa chale na waganga, kwa wembe wasioujua ulikotoka, hushtushwa na sindano iliyofunguliwa mbele ya macho yao.

Umma wetu umewahi kulipa gharama ya mnong'ono. Mwaka 2003 jimbo la Kano, Nigeria, lilisimamisha chanjo ya polio kwa madai ya aina hiyo, na likairejesha Julai 2004 baada ya kukubaliana kutumia chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu. Katika muda ule virusi vilivyotoka kaskazini mwa Nigeria vilisafiri hadi nchi nyingine nyingi, zikiwemo Yemen na Indonesia yenyewe. Waliolemaa walikuwa watoto wa Kiislamu. Hatusemi kuwa kila swali kuhusu chanjo ni uvumi. Watu wa Kano walikuwa na sababu za kutowaamini baadhi ya wageni, na swali lao lilijibiwa mara walipoheshimiwa. Tunasema swali liulizwe kwa anayeweza kulijibu.

Basi tuyaulize. Chanjo ya influenza ya sindano hutengenezwa kwa virusi vilivyouawa au vipande vyake. Haiwezi kumpa mtu mafua. Anayeumwa siku mbili baada ya kuchanjwa amepata ama homa ndogo ya kawaida ya chanjo, ama ugonjwa aliokuwa nao tayari, kwani kinga huchukua takriban wiki mbili kujijenga. Mkono huuma. Madhara makubwa ni nadra sana: udhaifu wa neva uitwao Guillain-Barré unatajwa kwa mtu mmoja au wawili katika kila milioni, na mzio mkali unaweza kutokea, ndiyo maana mtu hukalishwa kidogo kliniki baada ya sindano. Aliyewahi kupata mzio mkali kwa chanjo hiyo hiyo asirudie.

Je, inakinga? Inakinga kwa kiasi. Virusi hubadilika sura, hivyo wataalamu hukutana mara mbili kwa mwaka, Februari kwa ajili ya kaskazini ya dunia na Septemba kwa ajili ya kusini, kuchagua aina zitakazotiwa humo. Ndiyo sababu hurudiwa kila mwaka. Mwaka ambao uchaguzi umelenga vizuri, hupunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 40 hadi 60. Mwaka mwingine hupungua, na kwa wazee sana kinga huwa hafifu zaidi, ingawa hata aliyechanjwa akaugua mara nyingi huugua kwa wepesi. Asiyeridhika na ngao yenye matundu ana haki ya kuiacha. Sisi tunadhani kwa bibi mwenye pumu, nusu ya ngao ni bora kuliko kifua wazi.

Na uhalali? Swali la nguruwe lina msingi, na jibu lake ni la kina kidogo. Ipo chanjo ya mafua ya kupuliza puani, inayotumika sana kwa watoto wa shule Uingereza, ambayo ina jelatini ya nguruwe. Waislamu wa huko waliihoji, na wazazi wasioitaka huweza kuomba ya sindano isiyo na jelatini hiyo. Chanjo nyingi za sindano hukuzwa katika mayai ya kuku na hazina jelatini ya nguruwe. Hivyo Muislamu aulize maswali mawili tu: ni ya puani au ya sindano, na je, karatasi ya viambato inataja jelatini? Hata kwa iliyo na jelatini, wanazuoni na madaktari waliokutana Kuwait mwaka 1995 walikubali kuwa kitu najisi kikigeuka kabisa umbile lake hukumu yake hubadilika. Wapo wasioridhika na rai hiyo, na kwa sindano isiyo na jelatini hawahitaji kuitegemea. Ama Ramadhani, Akademia ya Fiqhi iliamua mwaka 1997 kuwa sindano isiyo ya lishe haibatilishi saumu.

Nyumba moja, maamuzi manne

Sasa tuibuni nyumba moja ya Kizwite, iliyo kama nyingi. Baba ana miaka 45, anauza mahindi na maharage. Mkewe ana mimba ya miezi 6. Mama yake baba, ambaye kila mtu humwita Bibi, ana miaka 68 na pumu ya siku nyingi, na jina lake limo katika orodha ya wanaokwenda Hija. Mtoto wa mwisho ana miezi 9. Mpwa wao yuko kidato cha tatu, bweni. Fedha ya ziada inatosha kuchanja mtu mmoja, labda wawili.

Tunaanza na Bibi, na tunajua atakachosema. "Mwanangu, mimi nimekula chumvi nyingi. Wachanjeni hao wadogo." Ndivyo wasemavyo wazazi wetu, na watoto wengi wenye adabu hunyamaza hapo. Tunaona mwanawe asinyamaze. Amwambie kwa upole, "Mama, wewe ndiwe unayelala na wajukuu, na wewe ndiwe unayekwenda kwenye ule umati." Umri wake, pumu yake na safari yake vimekutana kwa mtu mmoja. Wizara ya Afya ya Saudi Arabia hulazimisha mahujaji wote chanjo ya homa ya uti wa mgongo, sharti lililotokana na mlipuko wa Hija ya mwaka 1987 na kupanuliwa baada ya milipuko ya 2000 na 2001. Ile ya influenza huihimiza, hasa kwa wazee na wenye maradhi sugu, bila kuilazimisha. Kwa kuwa si sharti la viza, ni rahisi isahauliwe. Taasisi zinazosafirisha mahujaji hupokea mamilioni kwa kila kichwa. Haki ya Bibi ni kuambiwa habari zake mapema, na kusaidiwa kuipata safari ile ile anayokwenda mjini kwa ajili ya chanjo ya lazima, angalau wiki mbili kabla ya kuondoka.

Anayefuata ni mke. Shirika la Afya Duniani limewaweka wajawazito miongoni mwa watu wa kutangulizwa, na faida yake ni maradufu: kinga ya mama humfikia aliye tumboni, na chanjo hii haitolewi kwa mtoto aliye chini ya miezi 6. Hiyo ni njia muhimu ya kumkinga mchanga katika miezi ile. Shauri lifanywe pamoja na mkunga wa kliniki anayemjua.

Mtoto wa miezi 9 anatuleta kwenye jambo ambalo tungeliweka mbele ya yote lau lingeulizwa. Kadi yake ya kliniki ikoje? Chanjo ya nimonia hutolewa bure katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ya surua na rubela katika miezi 9 na miezi 18. Familia inayotafuta chanjo ya fluu Dar es Salaam huku kadi ya mtoto ina nafasi tupu imeanzia darini. Ajaziwe kwanza zile zilizo hatua chache kutoka nyumbani.

Baba na mpwa wasubiri. Wakipata, ni kheri, kwani asiyeugua haleti ugonjwa nyumbani; wasipopata, hawana dhambi. Baba ana kazi nyingine, ambayo ni kutoingia chumbani kwa mama yake akiwa anachemka homa, hata kama adabu inamtaka amsalimie.

Kuipata, na kuikosa

Chanjo ya influenza haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za taifa, hivyo mtu asitarajie kuikuta katika zahanati ya kijiji. Hupatikana, kwa kulipia, katika baadhi ya hospitali na kliniki binafsi za miji mikubwa. Kutoka Sumbawanga hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300. Kumpakia mzee mwenye pumu katika basi la kipupwe kwa ajili ya sindano peke yake huenda kukamletea kile anachokikimbia. Afadhali iunganishwe na safari iliyokuwapo. Pigeni simu kwanza: muulize kama ipo, bei yake, na ni ya msimu gani, kwani iliyokwisha muda haifai.

Onyo moja: asitokee mtu akaagiza kichupa kije kwa parseli ya basi. Chanjo hii hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8, wala isigande. Baridi ya Ufipa si jokofu; mchana ndani ya buti la basi ni joto, na usiku huenda ikawa vingine. Ikiharibika haibadiliki rangi, kwa hiyo hutajua.

Familia nyingi za Nkasi na Kalambo zitaikosa mwaka huu. Hazijaachwa mikono mitupu. Mtume (s.a.w.) alikuwa akipiga chafya hufunika uso wake kwa mkono au nguo, na Sharia imempa mgonjwa ruhusa ya kuswali nyumbani, mwenye homa aichukue ruhusa hiyo, asiipeleke safuni. Walimu wa madrasa wafungue dirisha moja hata kama watoto watanung'unika, na kila mtoto aje na kikombe chake badala ya wote kuchota kwa kata moja. Hujaji akirudi apokewe barazani, penye hewa. Asali, tangawizi na habbat soda zitumike, ni neema na huliwaza koo, lakini mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali. Na jiko la mkaa lisilazwe chumbani na watu: hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu waliolala wazima.

Mgonjwa anayehema kwa shida, mtoto ambaye mbavu zake zinaingia ndani akivuta pumzi au anakataa kunyonya, mzee aliyeanza kuweweseka, mjamzito ambaye homa haishuki, au yeyote aliyepata nafuu kisha homa ikarudi kwa nguvu: hao hawatibiwi kwa kujifukiza. Wapelekwe kituo cha afya usiku ule ule, bila kungoja kupambazuke.